Asma na deni la tanuri

MTU anayejenga nyumba ya matofali ya kuchoma huhesabu tripu za lori, mifuko ya saruji na siku za fundi. Nani aliyefyatua lile tofali, na alilipwa nini, si swali linaloulizwa kwenye saiti. Nchini Pakistan, katika jimbo la Punjab, swali hilo lilifikishwa hadi Mahakama ya Juu, na mmoja wa waliolibeba mpaka huko alikuwa mwanamke mfupi wa kimo, mcheshi, mama wa watoto watatu. Jina lake Asma Jahangir.

Wengi wanamkumbuka kwa mambo mengine: kupambana na majenerali, kutetea wanawake, kazi zake za Umoja wa Mataifa. Lakini kwa msomaji wa ukurasa wa familia, kesi zake zinazogusa zaidi ni zile za watu wa matanuri. Kule mdaiwa hakuwa mtu mmoja. Ilidaiwa kaya nzima, bibi hadi mjukuu.

Na yeye mwenyewe aliingia mahakamani kwa mara ya kwanza kwa sababu ya baba.

Asma alizaliwa Lahore, Januari 27, 1952. Baba yake, Malik Ghulam Jilani, alikuwa ofisa wa serikali aliyeacha kazi akaingia kwenye siasa, na siasa za wakati ule ziligeuza jela kuwa nyumba yake ya pili. Mama yake, Sabiha, alikuwa mwanamke aliyesoma, akaanzisha biashara yake mwenyewe ya nguo. Watoto wa nyumba ile walizoea kuona polisi getini kama watoto wengine wanavyozoea kumwona muuza maziwa.

Desemba 1971 baba alikamatwa tena. Jeshi la Pakistan lilikuwa limetoka kushindwa upande wa mashariki wa nchi, ambao sasa ni Bangladesh, na Jilani alikuwa miongoni mwa wachache wa upande wa magharibi waliopinga hadharani yale jeshi lililoyafanya huko. Safari hii ombi la kutaka aachiwe liliandikwa kwa jina la binti yake. Asma hakuwa wakili. Alikuwa binti wa chuo, hajafikisha hata miaka 20.

Mahakama Kuu ya Lahore ililitupa ombi lake, ikisema mikono yake imefungwa na uamuzi wa mwaka 1958 uliohalalisha mapinduzi ya kijeshi. Binti akakata rufaa. Aprili 1972 Mahakama ya Juu ikampa ushindi, na haikuishia kwa baba yake tu: ilisema kuwa Jenerali Yahya Khan alitwaa madaraka kinyume cha sheria. Hadi leo wanafunzi wa sheria nchini humo wanaisoma kesi hiyo kwa jina lake la usichana, Asma Jilani.

Mtu mwingine angeridhika na hapo. Yeye alirudi darasani, akapata shahada ya sheria Chuo Kikuu cha Punjab mwaka 1978, akiwa tayari ameolewa na mfanyabiashara Tahir Jahangir. Mwaka 1980, yeye, mdogo wake Hina Jilani na wenzao wawili, Gul Rukh na Shahla Zia, walifungua ofisi ya uwakili ya wanawake watupu, ya kwanza ya aina yake nchini humo. Waliiita AGHS, herufi ya kwanza ya kila jina. Wasio na pesa walihudumiwa bure, na wasio na pesa ndio waliokuja.

Zilikuwa zama za Jenerali Zia-ul-Haq. Februari 1983 wanawake waliandamana Lahore kupinga sheria mpya ya ushahidi iliyotaka kuupunguzia uzito ushahidi wa mwanamke, na polisi wakawapiga na kuwakamata, Asma akiwemo. Alikaa jela, akatoka, akaendelea. Haya yamesimuliwa sana. Ya matanuri hayakusimuliwa kiasi hicho, na ndiyo yanayostahili nafasi hapa.

Kazi ya tanuri la matofali huko Punjab huanza alfajiri, jua likiwa bado pole. Baba anachanganya udongo na maji. Mama anakanda madonge. Anayefyatua anajaza kibao, anakigeuza, tofali bichi linatua chini kwenye mstari mrefu. Watoto wadogo ndio wanaoyageuza yakauke pande zote, maana ni wepesi na wanaweza kupita katikati ya mistari bila kuyakanyaga. Familia hailipwi kwa siku wala kwa mwezi. Inalipwa kwa kila matofali 1,000, na ili ifikie 1,000 kwa siku inabidi kila mkono ufanye kazi, hata wa mtoto aliyepaswa kuwa shuleni. Lakini kwenye daftari la ujira jina ni moja tu, la baba. Mke na watoto hawamo, kana kwamba matofali yao yalijifyatua.

Daftari hilo linashikwa na karani anayeitwa munshi, neno ambalo wazee wetu wa pwani wanalijua kwa maana ya mwalimu wa lugha. Huyu hafundishi. Anaandika, na wanaoandikwa wengi wao hawajui kusoma.

Kinachowafunga kinaitwa peshgi. Ni malipo ya awali, ile ambayo hapa kwetu kibarua angeiita advansi. Mtoto anaumwa, binti anaolewa, mzee anafariki, tajiri wa tanuri anatoa fedha: utalipa kwa kazi. Hapo hapana ubaya, na lazima isemwe wazi kuwa kwa familia isiyokopesheka benki, advansi ile mara nyingi ndiyo iliyomfikisha mgonjwa hospitali. Ubaya unakuja baadaye.

Chukua mfano, msomaji, kwa shilingi zetu. Familia imepewa 500,000 za matibabu. Kila wiki inastahili kulipwa 40,000, na tajiri anakata 20,000 za deni. Zilizobaki 20,000 hazitoshi chakula cha watu sita, kwa hiyo kufikia Alhamisi baba anarudi kwa munshi kuomba 15,000. Zinaandikwa. Ijumaa mvua inanyesha, matofali mabichi yanarudi kuwa tope, na kazi ya siku mbili haihesabiwi. Mwisho wa mwezi familia imejinyima, imefanya kazi kutoka giza hadi giza, na deni limepungua kidogo sana, au halikupungua kabisa. Akiugua mtoto mwingine, linapanda. Wakati wa masika matanuri yanasimama, hakuna ujira, lakini watu wanakula. Wanakopa tena.

Deni likishakuwa kubwa hivyo, mtu haondoki. Akitaka kuhama, tajiri mpya analipa deni kwa tajiri wa zamani, na familia inahamia tanuri jipya pamoja na daftari lake, kama mali iliyouzwa. Baba akifa, deni linashuka kwa mwana. Wapo watoto waliokulia kwenye udongo ule wakilipa harusi ya shangazi ambaye hawakuwahi kumwona. Anayetoroka anafuatwa, na ndugu waliobaki wanashikwa kama rehani.

Watu hawa walipofika ofisi ya AGHS, njia ya haraka aliyokuwa nayo wakili ni ile ile aliyoitumia Asma kwa baba yake: kuiomba Mahakama Kuu iamuru mtu anayeshikiliwa bila haki aletwe mbele ya jaji. Jaji akikubali, ofisa wa mahakama anakwenda tanurini na karatasi mkononi, anawakusanya waliotajwa, anawaleta mjini. Kwenye korido za mahakama ya Lahore wanaonekana watu wenye udongo mkavu miguuni, mama na mtoto mgongoni, hawajui waketi wapi. Upande wa pili wakili wa tajiri anasimama na daftari: Mheshimiwa, hawa wanadaiwa, wametia dole gumba hapa.

Na ni kweli walitia dole gumba. Hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii. Jaji aliyezoea kesi za madai anaona mkopeshaji na mkopaji. Wakili anatakiwa amwonyeshe kitu kingine kabisa: kwamba deni lisiloweza kulipika, linaloandikwa na upande mmoja, linalolipwa na watoto ambao hawakukopa, si mkopo tena. Katiba ya Pakistan ya mwaka 1973, kifungu cha 11, inakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa. Maneno hayo yalikuwepo miaka yote. Ilibaki mtu wa kuyapeleka kwenye udongo.

Julai 1988 ilifika telegramu Mahakama ya Juu. Ilitoka kwa kundi la wafanyakazi wa tanuri, na jina lililobaki kwenye majalada ni Darshan Masih. Masih ni jina la kawaida kwa Wakristo wa Punjab, ndilo Masihi la Kiswahili, na wengi wa watu wa matanuri ni Wakristo maskini au Waislamu wa tabaka la chini. Telegramu ilieleza kwa ufupi: tuliachiwa huru na mahakama, kisha wenye tanuri wakawateka watatu wetu, tumejificha, tuna njaa, wake na watoto wetu wako hatarini, tunaomba ulinzi.

Yaani walishinda kesi, na ushindi ukawaletea watekaji.

Mahakama ya Juu ilifanya jambo ambalo halikuwa la kawaida. Iliipokea telegramu ile kama kesi kamili ya haki za msingi, bila kusubiri wakili, ada wala fomu. Ikawaita wenye matanuri, ikaiita serikali, na upande wa wafanyakazi Asma Jahangir akawa miongoni mwa mawakili. Haikuwa tena kesi ya familia moja. Ilikuwa kesi ya mfumo.

Septemba 1988 zilitoka amri za kwanza, na uamuzi wa mwisho ulitoka Machi 1989. Peshgi kubwa ya kumfunga mtu ilipigwa marufuku, ikabaki advansi ndogo ya siku chache yenye maandishi. Hasara ya matofali yaliyoharibiwa na mvua isikatwe kwenye ujira. Wanawake na watoto wasilazimishwe kufanya kazi. Ukiyasoma haraka utayaona ni mambo madogo madogo. Lakini kwa mama aliyekesha akisikiliza ngurumo, akijua kila tone linafuta kazi ya wanawe, amri ile ya mvua peke yake si ndogo.

Uamuzi huo ulikuwa na tobo, hata hivyo. Madeni ya zamani haukuyafuta moja kwa moja, na mwenye daftari la zamani bado alikuwa na daftari. Ilibidi kelele ziendelee. Kufikia wakati huo Asma alikuwa ameshiriki kuanzisha Tume ya Haki za Binadamu ya Pakistan, mwaka 1987. Si chombo cha serikali, ni cha raia, na suala la watumwa wa deni lilikuwa kwenye kazi zake tangu siku za mwanzo. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria ya kukomesha kazi ya kufungwa kwa deni. Hiyo haikupindapinda: kila deni la aina hiyo limefutwa, hakuna mwenye wajibu wa kulilipa, na anayemlazimisha mtu kulifanyia kazi anakabiliwa na kifungo cha miaka 2 hadi 5, au faini isiyopungua rupia 50,000, au vyote viwili. Kila wilaya iwe na kamati ya kufuatilia.

Kwenye karatasi, deni la baba lilikufa siku ile.

Kwenye udongo halikufa, na atakayesimulia maisha ya wakili huyu kana kwamba sheria ya 1992 ilimaliza kazi atakuwa anadanganya. Kamati nyingi za wilaya zilibaki majina. Polisi wa kijijini anamjua mwenye tanuri, hamjui mfyatuaji. Na lipo swali ambalo hakuna jaji anayeweza kulijibu kwa hukumu: ukiifuta advansi bila kuweka kitu mahali pake, mtoto akiugua usiku nani atalipia? Familia iliyotolewa tanurini na ofisa wa mahakama asubuhi inalala wapi jioni? Wapo waliorudi wenyewe kwenye tanuri lingine, wakachukua peshgi nyingine, kwa sababu uhuru bila paa na bila unga haudumu wiki mbili.

Asma aliyajua haya. Ndiyo maana hakuwa wakili wa kuingia mahakamani, kushinda na kwenda nyumbani. AGHS ilifungua makazi ya wanawake yaitwayo Dastak, maana yake kubisha hodi, kwa ajili ya wanaokimbia bila pa kwenda. Tume nayo ilipeleka watu wake kusini, jimbo la Sindh, ambako mfumo ni ule ule ila mahali pa tofali pana shamba: wakulima wasio na ardhi wanaodaiwa na mwenye shamba, wengine wakiwekwa kwenye jela za watu binafsi. Maelfu walitolewa katika miaka ya 1990. Halafu mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Sindh ikayatupa maombi kadhaa ya wakulima hao, ikisema migogoro yao na wenye mashamba ipelekwe kwenye vyombo vya sheria ya upangaji wa ardhi. Miaka ya kazi ikarudishwa nyuma kwa hukumu moja. Tume ikakata rufaa. Kazi hii ndivyo ilivyo: hatua tatu mbele, mbili nyuma, na mteja wako hana muda wa kusubiri.

Kwake nyumbani gharama ilikuwa nyingine. Mwaka 1995 alimtetea kijana wa Kikristo wa miaka 14, kutoka familia maskini isiyojua kusoma, aliyehukumiwa kifo kwa madai ya kukufuru. Kijana aliachiwa kwenye rufaa. Umati ulilivunja gari la Asma, na baadaye mwaka huo watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa jamaa zake. Mwaka 1999 mwanamke aliyekuja kutafuta talaka alipigwa risasi akafa ndani ya ofisi ya Hina, mbele ya wakili wake, na waliomleta muuaji walikuwa ni ndugu zake mwenyewe. Kesho yake ofisi ilikuwa na mafaili yale yale mezani.

Ni rahisi kumsifu mtu wa namna hii bila kuwafikiria wanaokaa naye. Mume anayejua mkewe anaweza asirudi. Watoto watatu waliojifunza mapema kuwa mlinzi getini si wa kuzuia wezi. Wazazi wengi, kama si wote, wangemwambia: basi mama, wewe una watoto, waachie wengine. Wapo waliomwambia. Lakini huyu alikuwa mtoto wa Malik Jilani, aliyejua tangu utotoni nyumba inavyokuwa baba akichukuliwa, na hao wa matanuri walikuwa na watoto pia. Kati ya wanawe, Munizae akawa mwanahabari asiyeogopa kuuliza, na Sulema akawa mwanasheria kama mama na mama mdogo.

Vyeo vilimfuata. Umoja wa Mataifa ulimpa kazi ya kuchunguza mauaji yafanyikayo nje ya sheria, kisha uhuru wa dini, na mwishoni hali ya haki za binadamu Iran. Mwaka 2010 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Chama cha Mawakili wa Mahakama ya Juu ya Pakistan, mahakama ile ile iliyomsikiliza akiwa binti wa chuo. Hakuna cheo kati ya hivyo kilichomfanya afunge mlango wa ofisi ya bure.

Februari 11, 2018, akiwa na miaka 66, alianguka nyumbani Lahore akiwa kwenye simu na wakili mwenzake. Hakuamka. Siku mbili baadaye maelfu walijitokeza kumsalia, na kilichozungumzwa sana ni kwamba wanawake walisimama safu za mbele pamoja na wanaume, jambo lisilo la kawaida kwenye mazishi ya huko. Wengine walilaumu. Waliomjua walisema ingekuwa ajabu kama angezikwa kwa namna nyingine.

Ofisi ya AGHS haikufungwa. Matanuri nayo hayajazimika. Moshi wake bado unaonekana kando ya barabara za Punjab mvua zikiisha. Na bado hutokea asubuhi Lahore ofisa wa mahakama akapanda gari na karatasi yenye majina ya familia moja, baba, mama, na watoto ambao daftari la munshi haliwataji.